Kuchangia msimbo kwenye Ansible: kwanini wanakukagua kama umeomba funguo za nyumba

 

Leo naleta somo la kompyuta, ila msikimbie. Nitajitahidi hata yule ambaye kompyuta anaijua kwa kuchapa barua tu aambulie kitu.

Kuna swali ambalo vijana wenzangu wanaliuliza sana: "Mimi nimeishia form four, Python nimejifunzia mwenyewe kwenye intaneti, naweza kweli kuchangia kwenye hizi programu kubwa zinazotumika dunia nzima?" Nikisema kuchangia sisemi michango ya harusi, nasema kuandika kipande cha msimbo kikaingia ndani ya programu ya watu. (Msimbo ni yale maandishi yanayoiendesha programu. Wengine wanasema "kodi", lakini hiyo tuwaachie TRA.)

Jibu fupi: unaweza, na hakuna atakayekuuliza cheti. Tatizo ni kwamba vijana wengi wanatuma kazi yao ya kwanza, inarudishwa na masharti kumi, wanakasirika, wanasema hawa wazungu wana dharau, na habari inaishia hapo. Hapo ndipo nataka tuelewane leo. Ukijua ni kwanini wanakagua vile, yale masharti yatakuonyesha njia na hutayaona tena kama ukuta. Nitatumia mfano wa mradi mmoja ninaoufahamu vizuri, unaitwa Ansible.

ANSIBLE NI KITU GANI

Fikiria ofisi yenye seva 200. Kila seva inatakiwa iwekewe programu mpya, ibadilishiwe mipangilio, iongezewe mtumiaji mmoja, kisha huduma izimwe na kuwashwa upya. Fundi akienda moja moja kwa mkono, atarudia amri zilezile mpaka achoke. Akifika seva ya 137 anaruka hatua moja bila kujua. Wiki mbili baadaye mfumo unaanguka na hakuna anayejua kwanini seva hiyo haifanani na wenzake.

Kazi hiyo ya kuifikisha programu kwenye seva, kuisimika na kuhakikisha inafanya kazi ndiyo Ansible inayoifanya kwa niaba ya fundi. Unaandika faili moja la maelekezo kwa mtindo uitwao YAML, ambao unasomeka karibu kama orodha ya kwenda nayo sokoni: seva hizi ziwe na programu hii, faili hili likae hapa, huduma hii iwe inawaka. Ansible inaingia kwenye seva zote kupitia njia ya SSH, inaangalia hali ilivyo, inarekebisha pale panapohitaji tu. Seva ya Linux haihitaji kuwekewa kitu cha kudumu cha Ansible. Ikiwa na SSH na Python, inatosha.

Ndani yake kuna vipande vidogo vinaitwa moduli, na kila moduli ina kazi yake. Moja inasimamia mafaili, nyingine watumiaji, nyingine huduma, nyingine saa ya mashine. Nyingi zimeandikwa kwa Python, lugha ambayo vijana wengi hapa kwetu wanaanza nayo.

Historia kidogo. Michael DeHaan aliitoa Ansible kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Jina linatokana na neno lililobuniwa na mwandishi Ursula K. Le Guin kwenye hadithi zake za kubuni, ambamo "ansible" ni chombo cha kuwasiliana papo kwa papo hata kama mmetengana kwa umbali wa nyota. Mwaka 2015 kampuni ya Red Hat ya Marekani ikainunua kampuni iliyokuwa nyuma ya mradi, na mwaka 2019 Red Hat nayo ikanunuliwa na IBM. Pamoja na kupita mikono yote hiyo, msimbo umebaki huria chini ya leseni ya GPL toleo la 3. Mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuugawa kwa kufuata leseni hiyo.

Na hili neno "programu huria" si geni kwetu. Wakongwe wanaukumbuka mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kwa hiyo watu wa huku kuchangia programu huria ni jambo la siku nyingi.

MSIMBO WAKO UNAENDA WAPI

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Kwenye Linux kuna akaunti kuu inaitwa root. Mwenye root ni kama mwenye nyumba: anafuta chochote, anasoma chochote, anafungua na kufunga mlango wowote. Ili Ansible iweze kusimika programu na kubadilisha mipangilio ya mashine, mara nyingi inafanya kazi kwa mamlaka hayo ya root. Na haiingii kwenye mashine moja, inaingia kwenye mamia kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ile mistari 12 uliyoandika ukiwa umekaa chumbani kwako Mbagala, ikikubaliwa, itakuja kuendeshwa kwa nguvu za mwenye nyumba kwenye seva za watu usiowajua. Inaweza kuwa seva ya benki, ya hospitali au ya chuo. Fundi wa huko hatausoma msimbo wako. Ataandika amri moja, atabonyeza, na ataamini.

Ukikosea kwenye programu ya mchezo wa simu, mchezo unaganda, mtu anawasha simu upya. Ukikosea kwenye chombo cha kusimika programu, unaweza kufuta faili lilelile kwenye seva 200 ndani ya dakika moja. Uzuri wa chombo hiki ni kwamba kinarudia kazi bila kuchoka. Hatari yake ni hiyohiyo.

Mkaguzi akikuuliza maswali mengi, basi, jua anauliza kwa niaba ya hao watu ambao hawapo pale kujiulizia.

YALIYOWAHI KUTOKEA

Wapo watakaosema natia chumvi. Haya, tuangalie visa viwili vya kweli.

Cha kwanza kinaitwa Heartbleed. OpenSSL ni programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Mwishoni mwa mwaka 2011 mchangiaji mmoja alileta msimbo mpya kwa nia njema kabisa. Alisahau kuweka kipimo kimoja: kuhakiki kwamba urefu wa ujumbe uliotajwa unalingana na urefu halisi. Aliyekagua naye hakuona. Toleo lenye kasoro likatoka mwaka 2012, na dunia ikaja kujulishwa mwezi Aprili 2014. Kwa miaka miwili mtu mwenye ujuzi aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, na ndani yake kungeweza kuwa na nywila au funguo za siri. Kisa chote hicho kilitokana na kipimo kimoja kusahaulika.

Cha pili hakikuwa bahati mbaya. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili inaitwa xz. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia mwaka 2021. Alikuwa mpole, mchapakazi, anajibu watu vizuri. Wakati huohuo akaunti nyingine zikawa zinamsonga mlezi wa mradi kwamba anachelewesha mambo, aongeze mtu wa kumsaidia. Mwishowe Jia Tan akapewa mamlaka. Mwaka 2024, kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, akapenyeza mlango wa siri uliolenga huduma ya SSH, njia ileile ambayo Ansible inaitumia kuingilia kwenye seva.

Aliyekigundua ni mhandisi Andres Freund. Aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza hadharani. Jia Tan ni nani hasa, haijajulikana.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na miradi hii inawahitaji wageni kweli, kwa sababu wenyeji ni wachache na wamechoka. Lakini baada ya kisa cha xz, mwenyeji gani atakufungulia mlango bila kukuangalia machoni? Sisi ambao hatujulikani, tunaotoka sehemu ambayo wengi wao hawajafika, tunatakiwa tulielewe hilo bila kununa.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Nachukua mfano wa kufikirika. Tuseme unatumia moduli ya kupanga saa za eneo, inaitwa timezone. Unaiambia seva iwe Africa/Dar_es_Salaam. Inapanga. Unaendesha tena maelekezo yaleyale, nayo inasema "nimebadilisha" wakati hakuna kilichobadilika. Hiyo ni kasoro, maana kanuni kuu ya Ansible ni kwamba ukirudia maelekezo mara ya pili kwenye mashine ambayo tayari iko sawa, isiguse kitu. (Kwa faida yenu, kwenye orodha ya kimataifa ya saa, Africa/Dar_es_Salaam siku hizi ni jina la pili linaloelekeza Africa/Nairobi. Msimbo unaolinganisha majina bila kulijua hilo unaweza kuteleza hapo.)

Sasa unafanya nini?

1. Jua nyumba sahihi. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2020, Ansible iligawanywa. Kiini kinakaa peke yake, na moduli nyingi zikahamishiwa kwenye makusanyo mbalimbali. Hii ya timezone iko kwenye mkusanyo unaoitwa community.general. Ukipeleka marekebisho yake kwenye kiini utarudishwa, na mtu atakuwa ameshapoteza muda kukuelekeza.

2. Tafuta kama kuna aliyekwishaliona. Kwenye GitHub kila mkusanyo una orodha ya hitilafu zilizoripotiwa. Isome, hata zile zilizofungwa. Mara nyingi utakuta mwenzako alishaliona na maelezo yapo.

3. Lirudishe tatizo mbele ya macho yako. Huhitaji seva 200, laptop yako moja inatosha kwa kuanzia. Jua tu kwamba Ansible haiendeshwi moja kwa moja kutoka kwenye Windows. Tumia Linux, au ile Linux ya ndani ya Windows inayoitwa WSL. Andika maelekezo mafupi kabisa yanayoonyesha kasoro. Kama mistari 8 inatosha, usipeleke 80.

4. Chukua nakala yako, fungua tawi lake. Wenye bando la kuungaunga, Git ina amri ya kuchukua hali ya sasa tu bila historia yote ya mradi: unaongeza --depth 1 wakati wa kuchukua nakala. Inaokoa MB nyingi.

5. Rekebisha hicho kimoja tu. Hapa wengi wanaharibu. Mtu ametumwa kuziba tundu la bati, anaanza kupaka rangi nyumba nzima. Ukiona mambo mengine yasiyokupendeza kwenye faili, yaache, yaletee ombi lake siku nyingine. Mkaguzi anaweza kuisoma mistari 12 akiwa anakunywa chai. Ukimletea mistari 600 ataiweka kando mpaka apate nafasi, na nafasi yenyewe haipatikani.

6. Endesha majaribio. Kuna chombo kinaitwa ansible-test. Kina majaribio ya usafi wa msimbo, ya vipande vidogo vidogo, na ya moduli ikiwa inafanya kazi kwenye mfumo halisi. Ongeza na jaribio lako mwenyewe, lile ambalo lingeshindwa kabla ya marekebisho na sasa linapita. Mkaguzi wa bara jingine hawezi kuja kuona laptop yako, jaribio ndilo shahidi wako.

7. Andika taarifa ya mabadiliko. Kuna folda inaitwa changelogs/fragments. Unaweka humo faili dogo la YAML lenye sentensi moja au mbili: moduli gani, kasoro gani, imerekebishwa vipi. Ukisahau, utarudishwa. Sentensi hiyo ndiyo itakayosomwa na fundi wa mbali siku anaamua kama asimike toleo jipya au asubiri.

8. Tuma ombi la kuunganisha. Eleza tatizo, eleza ulivyolitatua, eleza ulivyolijaribu. Kiingereza chako hata kikiwa cha kuombea maji, sentensi fupi zinaeleweka. Mambo ya "please sir I am a poor student" acheni, hayasaidii kitu.

WAKIKUJIBU

Kwanza roboti zitakimbiza majaribio zenyewe kwenye matoleo tofauti ya Python na ya mifumo. Zikionyesha nyekundu, usisubiri mtu. Fungua taarifa, soma mstari wenye kosa, rekebisha, tuma tena kwenye ombi lilelile. Usifungue ombi jipya kila ukirekebisha.

Baadaye anakuja binadamu. Baadhi wameajiriwa na Red Hat, wengine wanajitolea baada ya kazi zao. Inaweza kuchukua siku, inaweza kuchukua wiki. Maswali yao yanafanana: mtu akiwa na toleo la zamani itakuwaje? Kama faili halipo? Ukiendesha kwa hali ya majaribio, ile isiyotakiwa kubadilisha kitu, je kweli haibadilishi? Kwanini umechagua njia hii?

Tazama maswali hayo vizuri. Hakuna hata moja linalouliza umesoma wapi au unatoka nchi gani. Yote yanauliza kuhusu mashine ya mtu mwingine. Jibu moja moja, kwa utulivu. Kama hukubaliani, toa sababu na ushahidi. Kama yuko sahihi, sema asante, rekebisha, songa mbele.

Sisemi kwamba dharau haipo duniani. Ipo, na miradi mikubwa ikiwemo Ansible imeandika kanuni za maadili na sehemu ya kupeleka malalamiko. Ila kabla hujasema umedharauliwa, pitia maombi ya watu wengine yaliyokubaliwa. Utakuta wafanyakazi wa makampuni makubwa nao wamerudishwa mara tano kwa masharti yaleyale.

KUHUSU KUANDIKIWA NA AI

Hili lazima niliseme, maana najua kuna wajanja. Siku hizi unaweza kuiambia AI ikuandikie msimbo wote, majaribio na hata maelezo ya ombi. Walezi wa miradi wamechoshwa na mizigo hiyo. Daniel Stenberg, anayesimamia programu huria ya curl, amelalamika hadharani kwamba taarifa za kasoro zilizotungwa na AI zinamla muda wake bure.

Ushauri wangu ni mmoja: usitume mstari ambao huwezi kuueleza ukiulizwa. Tumia chombo chochote kujifunza, lakini siku mkaguzi anauliza "kwanini mstari wa 9?" uwe na jibu kutoka kichwani kwako. Na usinakili msimbo wa mwajiri wako au wa mradi wenye leseni isiyoendana na GPL. Hiyo inaweza kuwaletea kesi watu waliokukaribisha.

KWA ASIYEJUA KUANDIKA MSIMBO BADO

Mlango upo. Maelezo ya matumizi ya Ansible nayo yanahitaji mikono, na tangu mwaka 2023 yana hifadhi yake peke yake kwenye GitHub. Ukifuata mfano uliomo humo ukakuta haufanyi kazi, au hatua moja imerukwa, rekebisha utume. Utapita njia ileile ya tawi, ombi na ukaguzi, lakini ukikosea hakuna seva ya mtu itakayoanguka. Ni sehemu nzuri ya kuzoea taratibu.

UNAPATA NINI

Hela ya moja kwa moja hakuna, nisiwadanganye. Unachopata ni historia isiyofutika kirahisi. Jina lako linabaki kwenye kumbukumbu za Git za mradi: nani aliandika, siku gani, nani alimkagua, walijibizana nini. Mwajiri wa Dar, Nairobi au Berlin anaweza kufungua akasoma mwenyewe. Sisi tusio na digrii tumezoea kuulizwa "una karatasi gani?" Hapa unamwonyesha mtu kazi iliyokaguliwa na wageni ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kukubeba.

Na karatasi hiyo ina uzito kwa sababu tu ukaguzi ni mkali. Kama wangekuwa wanapokea kila kitu, jina lako kuwemo humo lisingemaanisha chochote.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyerudishwa juzi ukazira, kalifungue lile ombi. Soma upya walichouliza. Inawezekana kabisa wanasubiri jibu lako.

Wenye uzoefu na Ansible au mradi mwingine wowote wa programu huria, tiririkeni hapo chini: mlianzia wapi, na mkaguzi wa kwanza aliwauliza nini? Wenye maswali pia, ulizeni, tutasaidiana.

Naomba kuwasilisha.